Alama Juu ya Maneno

Leokadia alisoma historia ya muziki katika chuo kimoja cha Guangzhou, kwa ufadhili usiotosha kitu, ndiyo maana alifanya ukalimani kwa wafanyabiashara waliotoka kwao. Siku hiyo alishinda Xintang, nje ya mji, na Bimkubwa, mama wa Kizanzibari aliyekwenda kuagiza jinzi. Kutwa ilikuwa laoban, yaani mwenye duka, apunguze bei, laoban hapunguzi. Walipopanda metro kurudi mjini, sauti ilikuwa imemkauka Leokadia.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake, Evaline, kutoka Bukoba. Kwaya ya parokia ilitaka kuandikiwa wimbo wa maziko aliouacha bibi yake Leokadia, na aliyebaki kuujua ni Evaline peke yake.

"Niimbe sasa, mwanangu, maana leo kifua kina nafuu."

Akaimba. Leokadia hakuwa na nguvu za kuchora mistari mitano na kupanga noti. Aliandika maneno tu, na juu yake vijialama: cha kupanda sauti ilipopanda, cha kushuka iliposhuka.

Simu ilipokatika, Bimkubwa alichungulia. "Maandishi gani hayo?"

"Watawa wa Ulaya walianza hivihivi, mama. Miaka elfu na zaidi iliyopita. Waliweka alama juu ya maneno ya sala, mistari haikuwapo."

"Na asiyeujua wimbo?"

"Hakuambulia kitu. Alama zilimkumbusha tu anayeujua. Baadaye ndiyo wakachora mstari, kisha mingine, ili mtu aimbe hata asichowahi kukisikia."

"Basi ichore hiyo mistari, binti yangu."

"Nitaichora," alisema, akafumba macho.

Hakuichora. Kulikuwa na mitihani, mizigo ya kupeleka uwanja wa ndege wa Baiyun, wateja wengine. Alipoketi hatimaye, Jumapili mchana, aliona sauti inapopanda lakini hakujua inapanda hadi wapi. Akajaribu hivi, akajaribu vile. Kila mara ukatoka wimbo mwingine kabisa.

Akampigia mama yake. Evaline aliimba nusu, akakohoa.

"Uliobaki umenitoka, mwanangu. Nimechoka."

"Haya, mama. Pumzika."

Aliandika noti za nusu ile. Iliyobaki aliiacha maneno matupu, akapiga picha karatasi nzima na kuitumia kwaya.

Wiki iliyofuata walimrushia sauti yao: nusu ileile yenye noti, wameiimba mara mbili. Leokadia aliisikiliza kitandani, viatu bado miguuni, na usingizi ukamchukua kabla hawajamaliza.