Mama wa Makala

Mama anayeuza makala, yaani mkaa, kwenye barabara ya Mutoshi hamfukuzi mbwa yeyote. Watu wanalijua hilo, na wakihama wanamwachia mbwa wao kabla hata ya kupakia magodoro. Anawapapasa kwa mikono ile ile ya kazi, kwa hiyo mbwa weupe wa hapa wana vichwa vyeusi. Anawapa ukoko wa bukari, ugali wa huku, na kuwakaripia kwa sauti ya chini, kama watu waliochelewa misa.

Juzi bwana mmoja alisimamisha jeep, akamfunga mbwa wake kwenye mguu wa meza ya mama. “Mama, tunahamia Tenke. Utamuchunga?”

“Jina yake nani?”

“Sijui. Batoto ndio banajua.”

“Basi uliza batoto, tata. Mi nitamuita namna gani?”

Akapiga simu. Binti yake alipokea akilia: “Papa, umemuona Kito? Tunamutafuta tangu asubui!”

Mama aliendelea kupanga makala. Bwana alimtazama mbwa, akatazama barabara, kisha akafungua kamba. “Nimemuona,” alisema kwenye simu. “Tunakuya naye.”

Mama akamuuliza kama hataki na makala.