Tulinunua upinde wa kuwindia hapa Joburg bila kuulizwa karatasi, kumbe kazi ilikuwa bado

Wakuu, salaam kwenu mlioko nyumbani na mlioko kwenye baridi kama mimi.

Ninachoandika kimetokea jana Jumamosi. Shahidi wangu amekaa kitanda cha pili anakunywa chai, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Siku hiyo niliondoka Bertrams ninakoishi asubuhi bila mpango wowote. Kibarua cha kupaka rangi kilikuwa kimeisha, na mimi nikikaa siku mbili bila shughuli miguu inaanza kuwasha. Shule niliacha darasa la sita kwa ugonjwa huo huo wa kutaka kujua nyuma ya mlima kuna nini. Bado sijapona.

Nikapanda mdogo mdogo hadi mtaa wa Yeoville kumsalimia Papa Kabamba.

Huyu ni Mkongo wa upande wa Kalemie, mtu mzima, anafanya kazi ya ulinzi. Baba yake alikuwa mwindaji wa kijiji kizima. Yeye mwenyewe amekaa Joburg miaka kumi na minne na hajakanyaga pori hata siku moja. Analinda geti, anarudi, analala, analinda geti.

Nikamkuta amevaa shati la kanisani na uso unang'aa.

"Ndugu, Mungu amekuleta. Twende. Minaenda kununua upinde."

"Upinde wa nini, Papa?"

"Ya kuwinda! Ile banaita arbalète. Na sikia hii: habaulize karatasi! Bunduki banataka leseni. Hii, unaingia, unachagua, unatoka nayo. Hakuna karatasi hata moya!"

Kwa wasiojua, anaongelea crossbow. Ni upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Unavuta kamba hadi inanasa, unaweka mshale, unalenga, unabonyeza kifyatulio.

Na kwa wasioishi huku, niwaeleze uzito wa maneno yale. Papa Kabamba ana karatasi ya mkimbizi anayoihuisha kila mara. Laini ya simu, chumba, benki, kote ni "lete karatasi". Sasa leo kuna kitu cha kutisha kama silaha, na muuzaji hataki kuona karatasi! Alikuwa kama mtu aliyekuta mlango wazi kwenye ukuta mrefu.

"Utawinda wapi?" nikamuuliza.

"Kule nyuma ya mutaa ya La Rochelle, kwenye majani, karibu na vilima vya mchanga ya mugodi. Kuko kanga na sungura. Niliviona na macho yangu."

Nikaona sawa. Hapo wote wawili hatukujua kitu.

Duka lenyewe ni dogo, liko upande wa kusini wa jiji. Mwenye duka ni mzee wa Kiafrikana, ndevu nyeupe, kaptula hata kwenye baridi hii. Wateja wanamwita Oom Faan, yaani mjomba Faan, nasi tukamwita hivyo hivyo.

Wakuu, ukutani kulikuwa na mashine hadi nikasahau kufunga mdomo. Nilizoea upinde wa nyumbani, mti na kamba. Hizi zina magurudumu madogo kwenye ncha za mabawa, zina darubini, zina kikanyagio cha chuma mbele. Mshale mmoja niliushika nikahisi kama sijashika kitu.

Papa Kabamba alienda moja kwa moja kwenye ule mkubwa mweusi kuliko yote.

"Huyu," akasema, kama anachagua dume mnadani.

Oom Faan hakutaja bei. Akauweka chini. "Weka mguu kwenye kikanyagio. Vuta. Mara kumi."

Papa ana bega bovu, geti la kazini lilimwangukia zamani. Mara ya kwanza alivuta. Mara ya pili alivuta huku anatetemeka. Ya tatu kamba ilifika nusu njia.

"Nee, hapana," mzee akasema. "Porini utakuwa peke yako. Ukivuta umechoka, kamba inakaa upande, na mshale unaenda upande. Chukua unaoweza kuvuta ukiwa mgonjwa."

Akashusha mdogo. Papa aliutazama kwa dharau kidogo, lakini aliuvuta mara kumi bila kutoa jasho.

Nyuma ya duka kuna uchochoro wa kujaribia. Papa akapiga mshale mmoja, hatua ishirini. Nilisikia "tap" tu. Sikuuona ukienda! Tulipofika kwenye shabaha, mshale ulikuwa umezama hadi kwenye manyoya, na ulipita katikati ya duara. Oom Faan akasema kwa mnyama tusizidishe hatua thelathini.

"Hii si mchezo ya batoto," Papa akanong'ona.

Mzee akamwambia avute tena bila kuweka mshale. Akavuta. Kamba ikanasa.

"Sasa mnyama ameondoka. Hutaki kupiga tena. Fanyaje?"

Papa alikulia kwenye gobole la baba yake. Kule unashikilia nyundo kwa kidole, unabonyeza, unairudisha taratibu. Kidole chake kikaanza kwenda kwenye kifyatulio.

Oom Faan akaudaka mkono wake kama anadaka nyoka. "Hapana! Ukifyatua bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye mabawa. Yanapasuka usoni mwako."

"Sasa minarudisha namna gani?"

"Hurudishi. Unabeba mshale mmoja mzee wenye ncha butu, unaupiga kwenye mchanga. Basi. Ukishavuta, lazima upige kitu. Kwa hiyo usivute kabla hujajua unachotaka."

Nilisimama pale nikiirudia kichwani. Yapo mambo mengi nimeyavuta maishani bila mshale, lakini hayo tuyaache.

Papa akatoa hela. Mzee akawa anafunga mfuko, na ndipo akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Unawinda kwa nani?"

"Kwa nani? Kwa mimi."

"Ardhi ya nani?"

Papa akanitazama. Nikatazama mishale.

Papa akaeleza kuhusu majani ya La Rochelle, na kwamba karatasi pekee aliyonayo ni ya ukimbizi. Oom Faan akaacha kufunga mfuko.

"My friend. Kununua huu hakuhitaji leseni, ndiyo. Kuutumia ni habari nyingine."

Akatueleza, nami nawapa kama nilivyoelewa, msinifanye wakili. Kupiga mshale ndani ya jiji ni kosa. Kutembea nao barabarani nje ya mfuko, polisi anaweza kuuita silaha hatari. Kuwinda kunataka kibali cha mkoa, kila mkoa na sheria zake, msimu wake, na wanyama ambao kwa mshale hawaguswi kabisa. Halafu juu ya yote kuna barua ya mwenye ardhi, imesainiwa, iko mfukoni mwako saa ile unayowinda.

"Ukikamatwa bila barua kwenye ardhi ya watu," akamwambia Papa, "unafikiri wataanza na mshale au na karatasi yako ya ukimbizi?"

Papa Kabamba akakaa kwenye boksi. Ule mlango wake ulikuwa umechorwa tu ukutani.

"Kumbe hata hii iko na karatasi," akasema polepole. "Nani atanisainia miye? Nani hapa ananijua?"

Swali lile lilinitesa, wakuu. Ningeweza kusema tuondoke. Lakini mimi na mdomo wangu nikauliza, "Oom, hakuna mwenye ardhi yeyote anayeruhusu watu kama sisi?"

Mzee akakuna ndevu. Akapiga simu, akaongea Kisetswana kitupu hadi nikashangaa. Akatugeukia: "Kuna mama ana shamba kaskazini, huko milimani. Haahidi kitu. Ila uzio wake umelala, anataka watu wawili wa kuusimamisha. Mtalala huko. Barua ataamua yeye."

Hatukurudi hata kuchukua mswaki. Upinde ndani ya mfuko, kamba haijavutwa, mishale imefungwa mbali, tukapanda teksi za kwenda huko.

Saa kumi jioni Mma Dikeledi, yule mama mwenye shamba, alitupokea kwenye kituo cha mafuta na bakkie yake, yaani pikapu. Mama mnene, kofia ya sufu, macho yanayopima. Hakuomba kitambulisho, alitazama viatu vyetu.

Njiani ndani ya shamba akazima gari ghafla karibu na bwawa dogo la mifugo. "Kimya," akasema.

Kwenye vichaka ng'ambo ya maji akatoka tandala dume.

Sijui niwaelezeje. Pembe zimejisokota kama moshi uliogandishwa. Mistari myeupe ubavuni kama mtu kamwaga chokaa kwa kidole. Mnyama mkubwa kama ng'ombe, na hakukanyaga jani likasikika. Nimezunguka nchi nne, sijawahi kuona kitu kinachotembea kama mwenye haki namna ile.

Papa Kabamba alikuwa analia. Machozi tu, bila sauti.

Mma akamnong'oneza, "Acha upinde chini. Nionyeshe kwa kidole. Ungepiga lini?"

Papa akanyoosha kidole chake. Tandala alikuwa ametuelekea.

"Bado," akasema.

Akainama kunywa, bega limefunikwa na tawi. "Bado."

Akageuka ubavu, lakini jike mmoja akapita nyuma yake. Mimi nataka kumsukuma. "Bado. Mushale itatoboa bote mbili."

Jike akasogea. Tandala akabaki peke yake, ubavu wote wazi, mguu wa mbele ameutanguliza. Nikaona kidole cha Papa kinaanza kukunjwa.

Kisha akakishusha.

"Iko mbali. Oom alisema hatua makumi tatu. Hii inapita makumi tano. Baba angenichapa."

Tandala akainua kichwa, akaingia kichakani, pengo likajifunga kama hakuwahi kuwepo.

Mma Dikeledi akacheka kwa mara ya kwanza. "Wengi wanaokuja hapa wananiulia tandala watano kwa kidole kabla hatujafika nyumbani."

Akashuka na daftari, akaandika juu ya boneti. Kiingereza changu cha kusoma ni cha mabango, lakini barua ilikuwa fupi. Inasema: Bwana Kabamba anaruhusiwa kuingia katika ardhi yangu na kuwinda kwa upinde, akishapata kibali cha mkoa. Chini, sahihi yake.

Chumba chetu kiko nyuma ya ghala, kinanuka majani makavu, vitanda viwili vya chuma. Upinde unaning'inia kwenye msumari, haujaua hata panya. Kesho tunaanza na uzio, kibali tutaenda kukiomba wiki ijayo.

Barua Papa ameiweka kwenye ile nailoni ya karatasi yake ya ukimbizi. Ameshanifanya nimsomee mara tatu.

"Soma tena pale."

"Pale wapi, Papa?"

"Pale panasema kuingia."

Nilichojifunza: usiulize upinde unapiga mbali kiasi gani kabla hujauliza utasimama kwenye ardhi ya nani.

Mliowahi kuomba kibali cha kuwinda huku mkiwa na karatasi ya ukimbizi, tuambieni mlipitia wapi. Papa hajui kusoma jukwaa, nitamsomea mimi.