Mlezi wa Kijenge asiyelaza watoto na chupa ya chai

Jua bado halijafika uani kwa Elirehema Nnko, Kijenge jijini Arusha, na watoto saba wameshaketi mkekani, kila mmoja ameachama kama kifaranga. Mama huyu wa miaka sitini na moja anapita na vitambaa vilivyoloweshwa, kila mtoto na cha kwake chenye uzi wa rangi yake. Anainua mdomo kwa kidole gumba, anafuta meno, anatazama fizi, anasogea kwa mwingine.

"Usining'ate, mjukuu. Kidole hiki ndicho kinachosonga ugali," anamwambia mmoja. Mtoto anacheka, halafu anang'ata.

Kazi yake ni kulea watoto wa akina mama wanaotoka alfajiri kufuata mboga soko la Tengeru. Anatoza shilingi elfu mbili kwa siku. Aliyekwama analipa akipata.

Watoto wanamwita Bibi, mama zao wanamwita Mama Abdiel. Wote wanajua sharti lake: mtoto halali na chupa ya chai yenye sukari mdomoni. Akila mchana anasukutua, akitaka chupa ya usingizi anapewa maji.

Sharti hilo ndilo lililomgombanisha na Agnela, muuza nyanya, mama wa Fransiska, mtoto wa miaka miwili na nusu.

Fransiska alizoea kusinzia na chupa ya chai ya maziwa. Mwaka jana Elirehema aliona mistari myeupe karibu na fizi za meno yake ya juu. Baadaye mistari ikawa ya kahawia. Akamwita mama yake, akamwonyesha.

Agnela hakushtuka. Huku chini ya Mlima Meru watu wengi wamekua na meno ya kahawia kwa sababu ya maji, na ukoo wa mumewe wote ni hivyo. Mama mkwe alishamwambia kwamba hiyo ndiyo alama ya nyumba yao, asihangaike.

Tena akamgeuzia kibao mlezi mwenyewe, ambaye alizaliwa Ngarenanyuki, huko huko chini ya Meru, na meno yake ni ya rangi hiyo hiyo.

"Mama Abdiel, nawe jiangalie kwenye kioo kwanza. Hayo yako tuyaiteje?"

"Haya yangu yanatafuna muwa, mwanangu," Elirehema akamjibu. "Ya mwanao yanashindwa na ndizi mbivu."

Agnela alikasirika. Kesho yake akampeleka Fransiska kwa mlezi mwingine, ambako chupa iliruhusiwa. Wanawake wawili wa soko moja naye wakahamisha watoto wao pia.

Elirehema anasema hakulala vizuri siku zile. Si kwa ajili ya hela, ingawa zilipungua. Alikuwa akijiuliza kama angeanza kwa kumchanganyia mtoto chai na maji kidogo kidogo, pengine mama asingeudhika, na mtoto angebaki pale anapomwona.

Msimu wa mvua ulipoanza, Agnela alirudi. Alisimama mlangoni na ndoo ya nyanya kichwani, Fransiska mgongoni, shavu la mtoto limevimba mpaka jicho limeanza kufumba.

"Shikamoo, Mama Abdiel. Amelia usiku kucha."

"Marahaba. Shusha ndoo. Leo Tengeru hakuna, leo ni hospitali."

Nyanya zilibaki uani, jirani akaziuza.

Hospitalini walitanguliza dawa ya kushusha uvimbe, kisha meno mawili ya mbele yaling'olewa na mengine mawili yakazibwa. Daktari alimweleza Agnela kwamba maji hubadilisha rangi ya jino, hasa meno ya ukubwani, lakini hayalitoboi. Kilichomtoboa mtoto meno ni sukari iliyokaa mdomoni usiku na mchana. Wangechelewa zaidi, usaha ungesambaa usoni.

"Mimi nilikuwa nampenda akiwa na ile chupa," anasema Agnela kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nikimwona ametulia, nikajua ameshiba."

Sasa Fransiska yuko mkekani tena. Kuacha chupa kulikuwa vita. Mchana wa kwanza alilia mpaka akapitiwa na usingizi juu ya bega la Bibi. Jioni mama yake anampiga mswaki kwa dawa ya meno isiyozidi punje ya mchele.

Elirehema amemwomba muuguzi wa kliniki ya watoto aje uani kwake asubuhi na mapema, kabla akina mama hawajaenda sokoni, awaonyeshe wenyewe jino lipi limebadilishwa rangi na maji na lipi linaoza. Muuguzi amekubali.

Analo jingine analoliombea. Miaka michache ijayo Fransiska ataota meno ya kudumu pale palipo na pengo, na Bibi anataka awepo.

"Yakija ya kahawia, yaje tu, maji ni haya haya na sisi ndio hao," anasema, akimlaza mtoto ubavu. "Mimi naomba yakute fizi nzima."