Trauti wa Mjomba Siku ya Posa

Ilianza Jumapili, saa saba na nusu mchana, sinia ndiyo kwanza imetua mkekani. Asubuhi ile ami yangu, nduguye baba, alikuja na wazee wake kumposea mwanawe dadangu, na baba akaitikia. Nikahi ikapangwa baada ya likizo yangu ya shule, iliyoanza wiki ile. Wageni walikuwa wameshaondoka, baba amefuatana nao, na juu ghorofani tukabaki nyanya, mama, dada, mimi na mjomba.

Mjomba ni kakake mama. Anafanya kazi bara, kwenye miteremko ya mlima ambako mto ni baridi hata jua likiwa utosini. Huko wanatotoa samaki waitwao trauti na kuchunguza maradhi yao na uzazi wao. Safari hii alitujia na sanduku la barafu lililojaa trauti, mama akawapaka nazi na ukwaju. Nyanya, mamake baba, mzaliwa wa Mji wa Kale ambaye samaki wa maji matamu kwake si samaki, alimgeuza wake kwa ncha ya kidole.

"Huyu mbona kapinda mgongo? Alikuwa hamali bandarini?"

Tulicheka. Mjomba alicheka kutushinda.

"Hao ndio tuliowatoa, mama. Wazima tunawaacha wazae. Hawa kuliwa hawana ubaya, ila kwenye mbegu hatuwataki."

"Wamepindwa na nini?"

"Kosa letu wenyewe. Madume walipungua, tukawaoza ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi. Yakaanza kutoka haya. Mgongo umepinda, wengine hawana kifuniko cha shavu, mayai mengine hayaanguliki kabisa."

Mkono wa mama ulisita juu ya wali. Dada alitazama kucha zake. Mjomba aliendelea kutafuna, hana habari, mpaka mama alipomkonyeza.

"Kwani nimesema nini?"

"Hukusema kitu," nyanya alimjibu. "Mimi niliolewa na mtoto wa ami yangu, nikazaa na kuzaa, na migongo yao imenyooka kama milingoti. Kula, mwanangu. Samaki wako kama pamba, lakini kula."

Wote walicheka tena, isipokuwa mimi. Hakuna aliyeona, maana mimi hata siku za kawaida sisemi. Nyumbani huniita bubu.

Nilichokuwa nikiwaza si migongo. Mposaji ana mdogo wake wa kiume, na mdogo huyo ana selimundu, maradhi ya damu ya kurithi. Kwetu husemwa tu kwamba "ana mifupa," na husemwa kwa sauti ya chini. Mwaka jana tulikwenda kumtazama hospitali, nikamkuta amejikunja, anauma ncha ya shuka asilie mbele yetu. Biolojia ya kidato cha nne nimeisoma. Mtu anaweza kuibeba asiugue hata siku moja. Akioana na mwenzake aliyeibeba vilevile, mtoto wao anaweza kuzaliwa nayo. Ami na mkewe lazima waliibeba wote wawili. Baba amezaliwa tumbo moja na ami. Basi dada je?

Nilisukuma tonge langu pembeni mwa sinia. Nilikunywa maji, nikanywa tena.

Alasiri mjomba alitaka halua ya kupeleka bara, nikatumwa nifuatane naye mpaka mtaa wa Bondeni. Dukani mwenye duka, mzee wa Kihindi, alimwonjesha kila aina, mjomba akionja mara mbilimbili. Mimi nilikuwa nikipanga maneno. Tulipotoka nikayatoa yote kwa mpigo, bila kumwangalia usoni.

"Mjomba, yale ya samaki, na watu ni hivyohivyo?"

Alisimama. "Ndiyo maana mamako alinikonyeza?" Akajipiga kipaji cha uso. "Loo! Siku ya posa! Mimi nazungumza na samaki mno, adabu imenitoka."

"Lakini ni kweli?"

"Mtu si samaki, mwanangu. Na wengi huoana watoto wa ami wakazaa watoto wazima, nyanyako hakusema uongo. Ubaya ni kama kuna kitu kimejificha kwenye damu ya ukoo mmoja, kikikutana na mwenzake. Sisi siku hizi hatubahatishi. Kabla ya kumchanganya dume na jike tunakata kipande kidogo cha pezi, kinapelekwa maabara. Wakiwa ndugu wa karibu mno, kila mmoja tunamtafutia mwenzake wa mto mwingine."

"Basi mwambie dada apimwe."

"Mimi?" Alipunguza sauti. "Mimi ni mtu wa upande wa mama. Nikitia mdomo, watu wa babako watasema mjomba kaja kuvunja posa. Wewe ni mtoto wa nyumba. Wewe sema."

"Mimi sisemi, Mjomba. Wajua."

"Mbona sasa hivi wasema?"

Nilimchukia kidogo kwa jibu lile.

Baada ya magharibi nilimkuta dada chumbani anakunja nguo alizoletewa za posa, mkufu mpya shingoni. Nilisimama mlangoni mpaka akachoka kunitazama.

"Wataka nini, bubu? Ukitaka mkufu, bado sijafa."

Nikamwambia. Nilianza na yule mtoto na shuka yake, nikarudi kwa baba na ami, nikachanganya herufi za jeni za darasani. Nilipomaliza alikuwa ameketi kitandani, nguo imemlalia magotini.

"Siku nzima watu wananipongeza," alisema, "wewe umekaa kimya wanitafutia maradhi."

"Sikutafutii. Naogopa."

"Waogopa nini? Wewe ndiye utakayeolewa?"

 Nikageuka nitoke, na hapo akasema polepole, kana kwamba azungumza na ile nguo, "Na mimi niliiona shuka. Toka siku ile nawaza. Nikipimwa nikawa nayo, na yeye akawa nayo, nifanye nini? Yeye nampenda, wajua? Si posa ya wazee tu."

Nilikuwa sijui. Nilidhani anakubali kwa adabu. Nikaona nimeingia mahali nisipopajua, na sina pa kutokea.

"Sindano naiogopa," akasema mwishowe. "Nitakwenda ukitangulia wewe kukunja mkono wa nguo. Damu yetu ni moja. Na mama umwambie wewe. Mimi bi harusi, siwezi."

Mama nilimwogopa kuliko sindano. Kumwambia mama ni kumwambia nyanya, maana jikoni hukaa pamoja, na nyanya ni mamake baba na mamake ami. Ningekuwa nasema damu yake ina kasoro.

Asubuhi yake niliingia jikoni mama anachoma mahamri na nyanya anapepeta mbaazi. Nikaamkia, "Shikamoo, Nyanya," na kabla hajamaliza kuitikia nikasema, "Mimi na dada twataka kupimwa damu. Na mposaji naye apimwe, kabla ya nikahi."

Mafuta yalilia peke yake. Mama hakugeuka. Nyanya aliweka ungo chini.

"Kwa ajili ya yule mtoto?"

"Ndiyo."

"Ningepimwa na mimi, kama ningejua hicho kitu," alisema. Akavuta leso machoni, kisha akamgeukia mama kwa ukali. "Wewe wachoma au waunguza? Toa hayo, uvae buibui uwapeleke. Na ami yao nitamwita mimi. Mimi ndiye niliyemzaa."

Kliniki ilikuwa haijafunguliwa. Tulisubiri barazani, mama katikati yetu. Mlango ulipofunguliwa nesi akauliza nani anaanza. "Mimi," nikasema, nikakunja mkono wa nguo, nikanyoosha mkono mbele yake.