Leo Umekula Nini, Mama?

Watu wa mtaa wa Himbi wanaopita mbele ya lango lile la bluu hawajui kinachofanyika ndani, na Joviale Namegabe anapenda ibaki hivyo. Kazi yake ni kutunza sauti. Watu walioumizwa vitani huja kusimulia yaliyowapata, na sauti zao hurekodiwa. Kisha ni juu ya Joviale kuzipanga, kuzikinga na unyevu wa ziwa na vumbi jeusi la Goma, ili siku haki itakapoziulizia, zipatikane. Wenzake humwita Mama Archives. Kwao, upande wa Bukavu, bado wanadhani anafundisha historia aliyoisomea chuoni, na yeye hajawasahihisha.

Zamani, wafanyakazi walipokuwa wachache, alikuwa akirekodi mwenyewe. Kabla ushuhuda haujaanza alikuwa na swali moja la kupimia kipaza sauti: "Leo umekula nini, Mama?" Alikolelewa, kumuuliza mtu amekula nini ni kumjali. Mama aliyeingia akitetemeka alijikuta anaeleza jinsi kisamvu cha jirani, sombe, kilivyokosa chumvi, na mabega yake yakashuka kidogo. Jibu lile ndilo Joviale aliloliandika kuwa jina la rekodi. Sombe. Sambaza na fufu. Maharagi yaliyoungua. Majina ya watu wenyewe yalikaa mbali, kwenye karatasi ambayo yeye peke yake alijua ilipo.

Vita vilipoingia mjini, karatasi ile aliitia kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, juu ya makaa yaliyokuwa yakichemsha chai, akasimama hapo mpaka ikawa majivu. Siku chache baadaye wenye silaha wakaja ofisini. Walifungua kompyuta, wakasikiliza mwanzo wa rekodi moja, kisha nyingine.

"Hii ni bureau ao ni restaurant?" mmoja akauliza.

Wenzake wakacheka, wakaondoka na viti na jenereta. Sauti zikabaki. Joviale alipiga magoti palepale kwenye saruji, akashukuru. Mpaka leo hajui vizuri kama alimshukuru Mungu au sombe.

Ila kuna malipo kwa kila kilichochomwa, na malipo yake yalifika asubuhi moja yakiwa yamejifunga kitenge cha kijani. Alikuwa Nyirarukundo, mjane kutoka Kalengera, upande wa Rutshuru, anayeishi sasa Munigi, na pamoja naye Maître Luc, wakili wa familia zilizopoteza watu. Baada ya miaka mingi majaji walikuwa wamekubali kusikiliza, na habari ya Munezero, binti wa Nyirarukundo, ilihitajika.

"Dossier inaondoka kesho, Mama Joviale," Luc alisema kwa sauti ya chini. "Rekodi ikikosekana, tutamuomba mama arudilie."

"Sirudilie." Nyirarukundo hakupandisha sauti. "Nilishasema. Nilisemea hapa na bwana yangu, muzee ambaye udongo umeshamukula. Mukaniambia, mama, ukishasema umemaliza, sisi njo tutabeba. Basi nimekuja kuuliza. Muliibeba, mukaiweka wapi?"

Joviale aliyatambua maneno yale. Yalikuwa yake. Aliwahi kuwaambia watu wengi hivyo, na aliwaambia kwa moyo wote. Sasa alikuwa na sauti nyingi zisizo na majina, na mbele yake mama ambaye, ahadi ile ikivunjika, angelazimika kumzika mtoto wake mara ya pili kwa kinywa chake mwenyewe.

"Mama," alisema, "siku ile nilikuuliza umekula nini. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nyirarukundo akamtazama kama mtu aliyeombwa avue nguo barabarani.

"Sikujibu kitu! Kwetu mutu mukubwa hasemaka vyakula mbele ya wageni. Maziwa, sawa. Lakini kufungua kinywa niseme, nimekula hiki na kile? Nilisema moyoni, huyu Mushi wa Bukavu iko anataka kuhesabu tonge zetu?"

Luc alijifanya anakohoa.

Joviale alihisi uso unamwaka. Wangapi wengine kutoka upande wa Rutshuru walikaa kwenye kiti kile wakaona haya, naye akidhani anawatuliza? Pengine mama alitaja maziwa akasahau. Alifungua rekodi zote zilizoitwa Maziwa, moja baada ya nyingine.

"Huyu si mimi," Nyirarukundo alisema. "Na huyu, sikia anavyovuta maneno, ni mutu wa Masisi. Huyu anaomboleza, maskini. Zima."

Maziwa yakaisha. Luc akaangalia saa yake, kisha akaona aibu, akashusha mkono. Nje, wauza samaki walipita wakiita wateja. Joviale alikaa mikono magotini.

"Na muzee?" akauliza mwishowe. "Nilipouliza, yeye alifanya nini?"

"Ndagijimana? Alikucheka! Alicheka mpaka nikamufinya."

Hapo Joviale akamkumbuka, mzee mwenye kofia magotini, mtu pekee aliyewahi kucheka kwenye meza ile. Alirudi mwanzo wa orodha, akashuka neno kwa neno. Macho yake yalikuwa yakitafuta chakula, ndiyo maana yalilipita neno lile, kati ya Ndizi na Njugu: Nilichekwa.

Alibonyeza. Ikasikika sauti yake mwenyewe ya ujana: "Leo umekula nini, Mama?" Kimya. Halafu kicheko cha mwanaume, kikianzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi.

"Uniulize mimi, binti yangu! Huyu bibi yangu, tangu nimuoe sijamuonaka akitafuna. Nilifikiri nimeoa mutu wa kuishi na upepo!"

Na chini yake, kwa hasira ya uongo: "Ndagijimana, nyamaza!"

Joviale alisimamisha kabla jina la Munezero halijatajwa. Alimpa Luc vifaa vya masikioni, naye akaenda kusikiliza sehemu iliyobaki akiwa amegeukia ukuta. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Iko kamili," alisema. "Mama, hutasema tena."

Nyirarukundo aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa akikijua ni chake. Kisha akakisogeza kiti karibu na kompyuta.

"Rudisha pale anapocheka."

Joviale akarudisha. Wakasikiliza tena, na tena.

"Ile ya mabaya nilijua munaitunza," mama alisema. "Hii sikujua. Aksanti, mwanangu. Aksanti sana."

Joviale alitaka kusema kwamba ni yeye aliyepaswa kushukuru, kuwashukuru watu wote waliomwachia sauti zao bila kumjua. Badala yake alichukua simu ndogo ya mama na kumwekea kicheko kile tu, peke yake.

Mlangoni Nyirarukundo alimwacha Luc atangulie. Alijifunga kitenge upya, akatazama huku na huku, akamwinamia Joviale sikioni.

"Asubuhi nimekula birayi na maharagi," akanong'ona. "Usiandike."