Medali kwenye Shingo ya Binti Yangu

Binti yangu alipopata komunyo ya kwanza alikuwa na miaka tisa. Mama yake wa ubatizo alimvisha mkufu wenye medali ndogo ya Bikira, imekwisha kubarikiwa na padri. Iling'aa kama fedha, ingawa leo najua fedha haikuwahi kupita hata karibu yake. Nilimwambia mtoto asiivue, hata akioga. Akakubali mara moja, kama alivyokuwa akikubali kila kitu nilichomwambia.

Siku ya tatu alinikuta jikoni, anajikuna. "Mama, hii kitu iko inaniwasha."

Nikamfungua kola. Pale medali ilipolala kifuani palikuwa na alama ya mviringo, nyekundu, imejaa vipele vidogo vya maji, na shingoni ulizunguka mstari mwekundu palipopita mkufu. Nikampaka mafuta, nikamrudishia medali yake. Nilimwambia kitu cha Mungu hakiumizi mtu.

Wiki hizo hizo mdogo wake, mtoto wetu wa kiume wa miezi minane, alikuwa mgonjwa. Homa inapanda, inashuka, na mtoto anazidi kukonda. Tulikuwa tumezunguka naye kila mahali, tumempa kila mzizi na kila kidonge. Kwetu Nyakasanza, mtaa wa Bunia, mtoto akiugua muda mrefu hivyo watu hawaulizi tena anaumwa nini. Wanauliza ni nani anayemroga.

Jirani mmoja, mama wa maombi, alikuja kumwombea. Alipomaliza akamwona dada mtu amekaa mlangoni anajikuna, akamwita, akamtazama kifua. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kitu takatifu iko inamuunguza. Mutoto huyu iko na kitu ndani. Angalia muzuri, Mama, utaona."

Nikaangalia vizuri. Nilimvua medali, na baada ya wiki moja ngozi ikakauka. Nikamvisha tena, siku ya pili ikawaka. Nikamvua, ikapoa. Nikamvisha, ikawaka. Nilifanya hivyo mara tatu, kwa subira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa jambo lingine lolote. Daktari asingepima vizuri kuliko mimi. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa, ila aliyekisoma alikuwa mjinga.

Na jibu nilikuwa nalo, hilo ndilo linaloniua. Binti huyu alipokuwa mchanga tulimtoboa masikio tukamtia hereni za sokoni, na masikio yakatoa usaha mwezi mzima. Nilizitupa chooni, nikaenda kumtukana muuzaji mbele ya wateja wake. Hereni zilipomchoma, kosa lilikuwa la hereni. Medali ilipomchoma, kosa likawa la mtoto, kwa sababu medali ilikuwa na baraka, na mtoto hakuwa na wa kumtetea. Padri sikumuuliza. Niliona haya, na labda niliogopa atanicheka.

Mume wangu alisikiliza yote bila kuinua macho. "Miye siwezi kuzika mutoto juu ya kunyamaza," alisema. Basi tukakubaliana binti apelekwe kwa shangazi yake, mjini Komanda, aliyekuwa akipikia madereva wa malori pale njia panda. Asubuhi ya safari nilimweleza binti yangu, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, kwamba ndani yake kuna kitu kinachomtesa mdogo wake. Aliniuliza, "Nikienda, atapona?" Nikasema ndiyo. Akapanda pikipiki nyuma ya baba yake, bila kulia.

Mdogo wake alipona kweli, miezi minne baadaye, kwa dawa za kifua alizopewa hospitalini na ambazo nilimnywesha kila siku kwa mkono wangu. Lakini mtaani hakuna aliyezisifu dawa. Walisema, umeona? Na mimi nikaitikia, nimeona.

Binti yangu alikaa Komanda miaka sita. Nilisikia kwamba anakula kwenye sahani yake peke yake, na analala katika kibanda cha makaa, mbali na watoto wa shangazi. Nilikwenda kumwona mara mbili tu. Ukiniuliza nitakwambia barabara ilikuwa mbaya, na ni kweli, kuna miezi watu waliogopa kabisa kupita. Lakini mimi nauza samaki wakavu, na samaki wangu walipita. Niliwapakia kwenye malori ya Komanda karibu kila wiki, kisha nikarudi nyumbani kupika.

Mwaka jana watu wa kule walikimbia vita, na shangazi yake akaja Bunia na mizigo yake, na binti yangu akiwa ameibeba. Alikuwa na miaka kumi na mitano, amenipita kwa urefu. Alinisalimia kama mtu anavyomsalimia jirani mzuri. Akauliza maji yanachotwa wapi, akachukua bidoni, akaenda. Hakuwahi kunikosea adabu hata mara moja, na ningefurahi angenikosea.

Alipenda kuvaa suruali za jinzi za mitumba. Siku moja nilimkuta uani amejigeuzia ukuta, anajisugua tumbo kwa sabuni ya kufulia mpaka damu inatoka. Chini ya kitovu alikuwa na alama ya mviringo, nyekundu, yenye vipele vya maji. Aliponiona akashusha blauzi haraka. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na aliyemwogopa ni mimi.

Nikampeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Muuguzi alikuwa dada mdogo tu, mchangamfu. Alitazama tumbo, akashika suruali, akakigeuza kile kifungo cha chuma na kukigonga kwa kucha. Akacheka. "Hii si ugonjwa ya kuambukiza, Mama. Ni kifungo."

Alitueleza polepole. Kuna chuma kinaitwa nikeli, wanakichanganya katika vitu vya bei ndogo ili ving'ae. Jasho hukitoa kidogo kidogo, kikaingia katika ngozi. Ngozi za watu wengi hazijali. Ngozi nyingine zikishakikataa mara moja hukikataa maisha yote, na hakuna sindano ya kuondoa hilo. Dawa ni kukaa nacho mbali: shona kitambaa nyuma ya kifungo, au kipake rangi ya kucha isiyo na rangi na upake tena ikibanduka, hereni ziwe za plastiki au dhahabu ya kweli. Usijisugue kwa sabuni kali, utazidisha. Alisema yote hayo kwa dakika chache, akiandika karatasi ya mafuta ya kupaka.

Halafu akauliza, "Ilianzaka wakati gani? Kwa hereni? Ao kwa mukufu?"

Binti yangu aligeuka akanitazama. Mimi nilitazama sakafu. "Hereni," nikasema. "Na mukufu," akaongeza yeye, kwa sauti ya kawaida kabisa. Muuguzi akaitikia kwa kichwa, kwa furaha, kama mwalimu aliyepata jibu zuri darasani, akasema ndiyo, ni vile inafanyaka kwa wote.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi mjukuu huyo ninaye nyumbani, anakula na kulala kwangu. Tulirudi kwa miguu, tukapita soko. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia na kila nililolishika lilikuwa la uongo. Tulipokaribia nyumbani alisimama.

"Mama, kule Komanda nilikuwa naomba kila asubuhi. Nilikuwa naambia Mungu atoe ile kitu mu mwili yangu. Siku zingine sikukula, juu asikie muzuri. Miaka sita." Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu arudi. "Nilikuwa naomba atoe nini?"

Watu walikuwa wanatupita na mabidoni yao, wanatusalimia, na nilijisikia nikiwaitikia wao, mmoja mmoja. Binti yangu alingoja nimalize, kwa heshima, halafu akatangulia nyumbani.