Mbinja ya Mwarandu

Katika yadi ya makontena pale Changamwe, madereva wanaorudisha malori nyuma hawategemei vioo. Wanasikiliza. Mwarandu akipiga mbinja moja fupi, rudi. Mbili, kata kulia. Moja ndefu, simama hapo hapo, hata ukidhani nafasi ipo. Miaka kumi na tisa mbinja hiyo imepenya ngurumo za injini, na hakuna ukuta uliogongwa.

Inatokea kwenye meno mawili ya mbele ya juu. Ndiyo maana moja lilipoanza kuuma, Mwarandu alilibandika karafuu akanyamaza, asije mtu akamwambia ling'olewe. Baada ya wiki mbili maumivu yakakatika yenyewe.

"Unaona? Limepona!" alimtambia mkewe, Kahaso.

Lakini ufizi ukatoa kijipu, na Kahaso, asiyebembeleza mtu mara mbili, akamshika mkono hadi kliniki ya meno.

"Halikupona, baba," alisema Daktari Eddah akimwonyesha picha. "Mshipa wa ndani umekufa, ndiyo maana husikii kitu. Uchafu umebaki mzizini. Nitalisafisha ndani, jino libaki mahali pake."

"Na mbinja?"

"Mbinja gani?"

"Ndiyo kazi yake, daktari," Kahaso alidakia. "Na ndiyo iliyonitoa kwa baba yangu."

Sindano ya ganzi ilimchoma kama siafu mmoja. Kisha daktari akalizungushia jino kipande cha mpira, akatoboa tundu dogo kwa nyuma, akaingiza visindano vyembamba vyenye makali kama tupa, akisugua na kuosha kwa dawa. Mwarandu alisikia kukwaruzwa, si kuumizwa. Kabla saa moja haijaisha, alikuwa akikoroma.

"Nimeziba kwa muda tu," daktari alimwamsha. "Siku mbili tatu litauma kidogo ukilikandamiza, meza vidonge hivi. Usile mpaka ganzi iishe, usije ukajitafuna mdomo. Wiki ijayo rudi nizibe kabisa, hata kama halikuumi. Jino hili lilishakudanganya mara moja."

Mlangoni tu, akajaribu mbinja. Fyuuu. Upepo na mate, na mate yakatua kwenye leso ya Kahaso.

"Ameikwangua pamoja na mshipa!"

"Mdomo umelala, mume wangu. Ungoje uamke."

Yadini, Oduor aliyemshikia zamu alikuwa akiongoza malori kwa kupunga kitambaa chekundu. "Karibu, mzee! Umetuletea mbinja ama feni?"

Mwarandu aliketi juu ya tairi kuukuu, akijibonyeza mdomo wa juu kila dakika. Saa nane ulikuwa bado ubao. Saa tisa ukaanza kumwasha, kama unaotambaliwa na sisimizi. Akaukaza ulimi nyuma ya meno, akafumba macho, akapuliza.

Ikatoka ndefu, kali, safi.

Malori manne yakasimama papo hapo, hata lile la langoni lililokuwa likijiendea mbele.

"Nani kasema tusimame?" dereva mmoja alifoka, akachungulia dirishani, akamwona. Akalala juu ya honi. Wengine wakamfuata, na Oduor akarusha kitambaa chake juu ya kontena.

Wiki iliyofuata, mlinzi wa kliniki alipokuja kufungua, alimkuta mgonjwa wa kwanza amekwisha fika, amejiegemeza mlangoni akipiga mbinja.